Mseto wa Tanuf na Mkataba wa Sib

Wapinzani wanapoungana kutawala, watu huwa wepesi kuwaita wanafiki. Waingereza waliwaita hivyo Charles James Fox na Lord North mwaka 1783. Fox alikuwa amemshambulia mwenzake bungeni miaka mingi kwa sababu ya vita vya Marekani, kisha Aprili wakaingia serikalini pamoja. Desemba hiyohiyo Mfalme George III akawafukuza. Kilichowaangusha si unafiki. Wabunge walikuwa nao wa kutosha, ila vyeo vyao vilikuwa mkononi mwa mfalme aliyewachukia. Mseto hudumu pale kila mshirika anapokuja na nguvu zake mwenyewe, na ushahidi bora wa hilo uko Oman.

Wahinawi na Waghafiri, makundi mawili makubwa ya makabila ya Oman, walitengana tangu vita vya miaka ya 1720, na uhasama ukarithiwa kizazi kwa kizazi. Hata hivyo, Mei 1913, huko Tanuf, mwanachuoni Nuruddin al-Salimi alianza kuwaunganisha. Himyar bin Nasir al-Nabhani, kiongozi wa Waghafiri, alimuunga mkono Salim bin Rashid al-Kharusi, aliyechaguliwa huko kuwa Imam wa bara dhidi ya Sultan wa Maskati. Baadaye akajiunga Isa bin Salih, mkuu wa Wahinawi, wa ukoo wa al-Harthi unaofahamika sana Unguja. Hakuna aliyewateua masheikh hao, kwa hiyo hapakuwa na wa kuwaachisha kazi. Januari 1915 walishambulia Maskati, makao ya Sultan, wakarudishwa na askari wa Kihindi wa Uingereza, lakini ushirika wao haukuvunjika. Tende za bara zilishuka pwani kwa njia ya bonde la Sumail, inayopita Rusayl, na serikali ya Maskati ikazitoza ushuru mkubwa ili kuwabana. Ubanaji huo ndio uliofungua mazungumzo. Tarehe 25 Septemba 1920, pale Sib, kilomita chache tu kutoka Rusayl, Isa bin Salih alikubaliana na upande wa Sultan Taimur, Mwingereza Ronald Wingate akiwa msuluhishi: ushuru usizidi asilimia 5, watu wapite kwa amani, wala Sultan asiingilie mambo ya ndani ya bara.

Wapo watakaosema kwamba yote yalisimama juu ya heshima ya mtu mmoja, Imam Muhammad bin Abdullah al-Khalili, aliyemrithi Imam Salim, kwa kuwa baada ya kifo chake mwaka 1954 mambo yaliharibika. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Al-Salimi alifariki 1914, Himyar akafuata 1920, na mwaka huohuo Imam Salim akauawa. Mseto ukawapita wote watatu. Kilichobadilika miaka ya 1950 ni mizani yenyewe. Kampuni ya mafuta ilitaka kufika Fahud, huko bara, na Sultan Said bin Taimur sasa alikuwa na jeshi la kuifikisha huko. Bara, iliyokuwa na tende na bunduki, haikuwa tena na cha kusawazisha mizani hiyo. Desemba 1955 majeshi ya Sultan yaliingia Nizwa, makao makuu ya Imam.