Sheria, Sitara na Mwili wa Raia

Katika mabishano ya Kenya juu ya watu wanaopendana kwa jinsia moja, kuna hoja ambayo pande zote mbili huikimbilia kwa ghera, nayo ni hoja ya ugeni: hawa hunena kwamba mwenendo huo umeletwa na Wazungu, na wale hujibu kwamba kilicholetwa na Wazungu ni sheria ya kuukataza. Kwa tarikhi, jawabu hilo la pili lina mashiko, kwani kifungu cha 162 cha Sheria ya Adhabu, chenye adhabu ya miaka 14 gerezani, ni urithi wa serikali ya kikoloni. Walakini asili ya sheria haitoshi kuibatilisha, la sivyo ingetupasa kuitupa baharini na sehemu kubwa ya sheria zetu za mikataba.

Lililo bora ni kutazama dola hulazimika kutenda nini ili sheria hiyo itekelezwe, na hapo kesi ya Kwale yatufaa kuliko hotuba zote za majukwaani. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Ukunda, Kwale, kwa tuhuma za kosa hilo, wakapelekwa hospitali Mombasa kwa amri ya mahakama, na huko wakachunguzwa tupu ya nyuma, ili ushahidi dhidi yao utafutwe ndani ya miili yao wenyewe. Mahakama Kuu haikuona dhuluma; Mahakama ya Rufani, Machi 22, 2018, iliiona, ikaitengua hukumu ile.

Msomaji wa pwani anayeamini kwa dhati kwamba tendo hilo ni haramu hahitaji kuiacha imani yake ndipo achukizwe na habari hii. Sura ya Al-Hujurat yakataza kupelelezana, na mafakihi, katika kosa la zina, walidai mashahidi wanne walioona kwa macho yao, wakijua vema ugumu wa sharti hilo. Asiyeruhusiwa kuchungulia dirishani ataruhusiwaje kuchungulia pale? Dini haijahalalisha tendo, na wanaojaribu kuitolea tafsiri hiyo kwa nguvu huwapa wapinzani wao ushindi wa bure. Lakini kuharimisha ni jambo moja, na kumvua mtu sitara yake mbele ya daktari na askari ni jingine.

Mei 24, 2019 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilikataa kukifuta kifungu hicho, ikiegemea Ibara ya 45 ya Katiba inayohusu ndoa ya watu wa jinsia tofauti, ilhali waliofungua kesi hawakuomba ndoa, waliomba wasifungwe. Kisha Februari 24, 2023, Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ikaafiki chama cha kuwatetea wapendanao kwa jinsia moja kisajiliwe. Hivyo Mkenya aweza kujiunga kihalali na chama kitetezi cha watu ambao sheria yawangoja na kifungo. Waliobadili jinsia, ajabu iliyoje, wamepata njia nyepesi kidogo: mwaka 2014 Audrey Mbugua alishinda kesi dhidi ya Baraza la Mitihani kuhusu jina na alama ya jinsia katika cheti chake.

Husemwa kwamba kifungu cha 162 kikiondolewa watoto watakosa kinga. Kinga yao, pamoja na ya kila mtu mzima asiyeridhia, imo katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, na haitapungua hata herufi moja.