Siri ya Unyumba na Taharuki katika Riwaya za Mlima Kenya

Wahakiki wa riwaya pendwa nchini Kenya wamezoea kukitaja kitabu cha John Kiriamiti, My Life in Crime, kama kisa cha jambazi na benki. Mazoea hayo yamekifunika kitabu kilichokifuata, ambacho kwa hakika kinastahili uhakiki wa aina nyingine. Kiriamiti, mzaliwa wa Murang'a, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 1971, akaandika akiwa gerezani, na kitabu chake kikatoka mwaka 1984, mwaka ule ule alioachiliwa. Miaka mitano baadaye, mwaka 1989, ilitoka My Life with a Criminal: Milly's Story. Msimulizi sasa si mwizi tena bali ni Milly, mwanamke aliyempenda na kutarajia kuwa mkewe, bila kujua kazi iliyomlisha.

Katika masimulizi ya aina hii, taharuki aghalabu huzaliwa na swali la nani au nini. Hapa sivyo. Msomaji aliyepitia kitabu cha kwanza anamjua Jack Zollo kuliko anavyomjua Milly, na analoningojea ni saa ya kujua kwake tu. Kila zawadi anayoletewa Milly, kila safari isiyoelezwa, msomaji huisoma mara mbili: kwa macho ya mpenzi na kwa macho ya shahidi. Kinaya hiki si kigeni katika fasihi ya Kiswahili. Katika Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972), msomaji huuona udanganyifu wa Idi kabla Bahati hajauona. Tofauti ni kwamba Bahati anasimuliwa, ilhali Milly anajisimulia. Tofauti na riwaya za Muhammed Said Abdulla ni kubwa zaidi. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), siri ya nyumba hufumbuliwa na mgeni, Bwana Msa, ambaye akimaliza kazi huwasha kiko chake na kwenda zake. Milly hana Bwana Msa. Mpelelezi ni yeye, na anayepelelezwa yumo chumbani mwake.

Kwa nini siri ya namna hii ikapata wasomaji wengi hasa katika nchi ya Mlima Kenya? Jibu jepesi ni jiji. Kutoka Nairobi hadi Nyeri ni kilomita 150 hivi, na Murang'a na Karatina ziko karibu zaidi. Mtu aliweza kuwa na anwani mbili na sura mbili, moja ya mjini na nyingine ya kwa mama yake. Uongo wa Jack unategemea umbali huo: si mfupi hata kila habari ifike nyumbani, wala si mrefu hata asirudi. Lakini jibu hili halitoshi, kwa kuwa miji ya pwani nayo ilikuwa na wasafiri wake.

Historia ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, inaeleza zaidi. Kiapo kilidai siri. Kati ya mwaka 1954 na 1955 serikali ya kikoloni iliwahamishia watu zaidi ya milioni moja wa Nyeri, Murang'a (wakati huo Fort Hall), Kiambu, Embu na Meru katika vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni. Katika hali hiyo, kujua alichokificha mwenzi wa ndoa kulikuwa hatari, na kutojua kulikuwa kinga. Gakaara wa Wanjau, aliyechapisha Uhoro wa Ugurani mwaka 1946, kitabu ambacho jina lake lenyewe linahusu taratibu za kuoa, alikamatwa mwanzoni mwa Hali ya Hatari. Shajara aliyoiandika kwa siri kizuizini ilitoka mwaka 1983 kwa jina la Mwandiki wa Mau Mau Ithamirio-ini, ikapata Tuzo ya Noma mwaka 1984, mwaka wa kitabu cha kwanza cha Kiriamiti. Vitabu viwili hivyo havifanani kwa lolote, ila vyote viwili vilizaliwa kifungoni.

Riwaya iliyolibeba jambo hili kwa uzito mkubwa zaidi ni A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1967). Gikonyo anarudi kutoka kizuizini na siri yake, kwamba alikiri kiapo ili arudi kwa Mumbi; anamkuta Mumbi na siri isiyofichika, mtoto wa Karanja. Kila mmoja anamweleza Mugo, mtu wa tatu, naye Mugo ana siri iliyo nzito kuliko zao. Ndoa hiyo haikuvunjwa na uongo bali na kimya, na Ngũgĩ haharakishi kuiponya.

Milly ni binti wa kizazi kilichokua baada ya kimya hicho. Alifunzwa kutouliza mno, na adabu hiyo ndiyo inayomhifadhi Jack. Lakini hapa pana tatizo ambalo wahakiki hawajalipa uzito wake. Sauti ya aliyedanganywa imeandikwa na yule aliyedanganya. Milly anaposema kwamba aliendelea kupenda hata baada ya kujua, ni nani anayesamehe? Kitabu kinaweza kusomwa kama toba, na kinaweza pia kusomwa kama udanganyifu wa mwisho na ulio kamili kuliko wote, kwa kuwa safari hii mwanamke amepewa hata maneno ya kujibu. Usomaji wa pili ndio wenye nguvu zaidi, ingawa hauondoi huruma iliyomo katika kurasa za kungojea.

Mfano wa kupimia upo, nao ni wa Murang'a vilevile. Muthoni Likimani, mzaliwa wa Kahuhia, alitoa Passbook Number F.47927: Women and Mau Mau in Kenya mwaka 1985, katikati ya vitabu viwili vya Kiriamiti. Wanawake wake nao huficha na kudanganya, wakiwa na watoto mgongoni na askari mlangoni. Lakini siri ni zao, na ni wao wanaoamua nani aambiwe.