Habari za Wachora Masanduku na Ushirika Wao



Katika mkutano mkuu uliopita ilisomwa barua ya mafundi wa hapa Mirongo, wafuao masanduku ya bati na kuyapamba kwa maua ya rangi, wakiomba kuingia katika Chama chetu. Mjumbe mmoja akasimama akauliza, "Pamba na maua ya rangi vina udugu gani?" Tulicheka sote, nami nikiwamo, na shauri likaahirishwa. Halmashauri iliponiagiza niandike habari za kale kwa ajili ya kijitabu hiki cha miaka kumi, nilikusudia kuandika juu ya mizani, jambo ambalo wazee wetu wanalijua kuliko mimi. Lakini swali lile halikuniacha. Basi nikatafuta habari za wachora masanduku wa nchi nyingine, na haya ndiyo niliyoyapata.

Ziko nchi ambazo masanduku hufanywa kwa karatasi. Jambo hili huchekesha, kwa kuwa sisi twajua karatasi ikinyeshewa huwa uji. Mafundi wa Uajemi, na baada yao wale wa Kashmir katika Bara Hindi, walikuwa wakifanya kwa karatasi vikasha vya kuwekea kalamu, wakavichora maua na ndege kwa brashi nyembamba mno. Nchini Urusi fundi hubandika karatasi nene, tabaka juu ya tabaka, kwa gundi ya unga, akazibana zikakaza. Zikisha kukauka hutiwa katika mafuta ya kitani yaliyopashwa moto, kisha huwekwa katika joko siku nyingi, hata huwa ngumu kama mti na huweza kukatwa kwa msumeno. Ndipo sanduku hupakwa weusi na vanishi, likang'aa kama kioo. Mafundi wa kijiji cha Palekh huchanganya rangi zao na kiini cha yai, na dhahabu yao huisugua kwa jino la mbwa mwitu ipate kumetameta. Tazameni: unga, kitani, yai. Vyote vimetoka kwa mkulima.

Kazi hiyo ya Urusi ilianza katika kijiji cha Fedoskino, karibu na Moscow, mwaka 1795, kwa kiwanda cha mfanyabiashara Korobov, nacho kikarithiwa na ukoo wa Lukutin. Mwaka 1904 kiwanda kilifungwa. Mafundi walikuwa na mikono yao na ujuzi wao, lakini hawakuwa na joko, wala mafuta, wala mnunuzi. Hayo yote yalikuwa ya mwenye kiwanda. Mwaka 1910 baadhi yao waliungana wakaanzisha chama chao wenyewe, wakaifufua kazi.

Habari za Palekh ndizo zilizonigusa zaidi. Kwa karne nyingi watu wa huko walichora picha za watakatifu kwa ajili ya makanisa na nyumba za Wakristo. Yalipokuja mapinduzi ya mwaka 1917, biashara hiyo ilikoma. Watu waliokuwa wamejifunza brashi tangu utoto walishika kazi yoyote iliyopatikana. Mmoja wao, Ivan Golikov, aliviona mjini Moscow visanduku vya Fedoskino, akafikiri kwamba mkono uliozoea kuchora mtakatifu waweza pia kuchora farasi na wavunaji juu ya kifuniko cha sanduku. Tarehe 5 Disemba 1924 watu saba, yeye akiwa mmoja wao, waliunda chama cha ushirika. Saba tu! Vyama vyetu vya msingi vingine vilianza na watu wengi kuliko hao, na bado twaona haya kuvitaja. Mwaka uliofuata, 1925, kazi zao zilipata medali ya dhahabu katika maonyesho makubwa ya Paris.

Mtu asidhani kuwa mambo haya ni ya ng'ambo tu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa wilaya ya Tunduru, alianza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968. Hakuwa na vitambaa vya wachoraji wala rangi za gharama. Alitumia vipande vya mraba vya mbao laini za dari, na rangi za mafuta za kopo, kama hizi wanazotumia mafundi wetu wa Mirongo. Picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliodhani gari alimokuwamo ni la wezi, akafa. Hapo kazi ingaliweza kwisha. Lakini jamaa na wanafunzi wake waliendelea pamoja, wakiuza kwa kampuni ya serikali, National Arts of Tanzania, na penginepo, hata mwaka 1990 wakaandikisha chama chao cha ushirika. Leo picha za namna hiyo huuzwa Unguja, Arusha na Nairobi, na wengi wanaozichora hawajapata kuwa wanachama. Jina limekuwa la kila mtu. Kwa maoni yangu hilo ni deni ambalo ushirika ule ulichelewa kulidai, kwani miaka kumi na minane ilipita kabla ya kuandikishwa.

Tena kuna jambo ambalo sipendi kulificha. Mwaka 1954 chama cha Palekh kiliondolewa, mahali pake pakawekwa karakana chini ya mfuko wa wasanii wa dola. Brashi hazikunyang'anywa na mishahara ililipwa, ila wenye mali hawakuwa tena wale waliochora. Wazee wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa. Victoria Federation of Co-operative Unions, iliyoundwa mwaka 1955 na wakulima waliochoka kupunjwa katika mizani, ilikua hata ikasifiwa Afrika nzima. Nasi twajua yaliyovipata vyama vikuu mwaka 1976 vilipovunjwa, na jinsi sheria ya mwaka 1982 ilivyovirudisha. Mkulima aliyeuza pamba katika miaka ile ya katikati ataelewa upesi mchora sanduku wa Palekh alijisikiaje.

Barua ya mafundi wa Mirongo imo tena katika ajenda ya mkutano mkuu ujao. Ni shauri la tano, baada ya hesabu za mwaka. Sanduku moja wameliacha ofisini liwe mfano. Lina ndege wawili wekundu kifuniko, na mmoja, kusema kweli, ana shingo ndefu kupita kiasi. Bawaba zake hazilii. Mimi huweka ndani yake daftari la hisa.