Tarehe 12 Desemba, kutoka Isiolo hadi Mwambao

Safu hii ni ya mambo ya Pwani, lakini wiki hii naipeleka Isiolo. Sababu ni tarehe 12 Desemba. Vitabu vya shule huieleza siku hiyo kwa mistari miwili: uhuru 1963, jamhuri 1964. Ukiitazama kutoka Isiolo au Lamu, utaona ilibeba pia swali ambalo halijatuacha mpaka leo: nani ni Mkenya, na ni nani wa kumwandikia hivyo? Nimeipanga miaka kwa utaratibu, pamoja na yaliyoizunguka, ili mwenye kutaka kuwasomesha wanawe awe na pa kuanzia.

Kabla ya uhuru

Mwambao, ule ukanda wa maili kumi kutoka baharini, ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Mwingereza aliutawala kwa mkataba wa 1895, akimlipa Sultani kila mwaka. Kuanzia 1920 bara likaitwa Koloni ya Kenya, na ukanda wetu ukaitwa Protektoreti ya Kenya.

Isiolo nayo ilikuwa lango la Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, NFD. Ndani yake mlikuwa na Isiolo, Marsabit, Moyale, Garissa, Wajir na Mandera. Kwa sheria iliyoanza 1902, eneo hilo lilifungwa: mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Ndiyo maana wazee wa huko, wakisafiri kwenda Nairobi, walikuwa wakisema wanakwenda Kenya.

Uhuru ulipokaribia, pande zote mbili ziliulizwa mawazo yao. Sir James Robertson alitumwa kuangalia suala la Mwambao, na mwaka 1961 akapendekeza uunganishwe na Kenya, ingawa wako wenzetu waliotaka ujitawale. Mwaka 1962 tume nyingine ilizunguka NFD na kuripoti kwamba wengi huko walitaka kujiunga na Somalia. Uingereza haikulifuata takwa hilo. Garissa, Wajir na Mandera zikawa jimbo la Kaskazini Mashariki. Isiolo, Marsabit na Moyale zikatiwa jimbo la Mashariki.

Damu ilimwagika kabla bendera haijapanda. Tarehe 28 Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi upande wa Modogashe pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Anayepita Wabera Street jijini Nairobi anapita kwenye jina la marehemu huyo.

12 Desemba 1963

Ilikuwa siku ya Alhamisi. Bendera ya Uingereza iliteremshwa Nairobi usiku wa manane, na Kisoi Munyao akaipandisha ya Kenya kileleni Lenana, kwenye Mlima Kenya. Mlima huo huonekana kutoka Isiolo asubuhi isiyo na mawingu. Jomo Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu, na Malkia wa Uingereza akabaki mkuu wa dola, akiwakilishwa na Malcolm MacDonald.

Kwetu Pwani, siku hiyo ndiyo Protektoreti ilipokwisha. Makubaliano yalikuwa yametiwa saini London tarehe 8 Oktoba. Sultani aliachia milki yake, naye Kenyatta akamwandikia Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, kuahidi kwamba mahakama za kadhi, uhuru wa dini, mafunzo ya Kiarabu na hati za ardhi za watu wa Mwambao vitalindwa. Anayeuliza kwa nini kadhi yumo katika Katiba ya leo, kifungu cha 170, aanzie kwenye barua hizo.

Siku hiyohiyo uraia ulizaliwa. Kwa katiba ya uhuru, mtu aliyezaliwa Kenya na aliyekuwa chini ya Mwingereza alilala usiku wa tarehe 11 akaamka raia wa Kenya, ikiwa mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya. Kwa mkulima wa bara hilo lilikuwa jambo jepesi. Kwa baharia wa Lamu ambaye wazazi wake walitoka Pemba, au mfugaji ambaye wazazi wake walizaliwa ng'ambo ya mpaka, lilikuwa mtihani.

Haikutimia wiki tatu, serikali ikatangaza hali ya hatari kaskazini. Vita vilivyoitwa vya Shifta viliendelea hadi makubaliano ya Arusha, Oktoba 1967. Wafugaji wa Isiolo walikusanywa kwenye kambi, Garba Tula na Merti zikiwamo, na wengi wakapoteza mifugo yao.

12 Desemba 1964

Kenya ikawa jamhuri, Kenyatta akawa Rais na Oginga Odinga Makamu wake. Mwezi mmoja kabla, chama cha KADU cha Ronald Ngala wa Pwani kilikuwa kimejivunja na kujiunga na KANU. Kwa hivyo jamhuri iliingia na majimbo yakatoka.

Kuna sheria moja ambayo wasomaji wa Lamu na Tana River wanapaswa kuijua. Mwaka 1970 Bunge lilizuia maafisa kushtakiwa kwa waliyoyatenda baina ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967. Maeneo yaliyotajwa ni Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Nasi tumo.

12 Desemba 2020

Akihutubia taifa siku ya Jamhuri, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuwapa uraia Washona 1,670 na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda, waliokuwa wakiishi Kenya bila uraia. Wamakonde wa Kwale walikuwa wametangulia mwaka 2016, na ndugu zetu Wapemba wakafuata 2023. Februari 2025, huko Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuondoa msasa wa ziada uliokuwa ukiwakabili vijana wa kaunti za mpakani wakiomba kitambulisho.

Tunachopaswa kufanya

Leo Isiolo na Lamu zinatajwa pamoja katika mradi wa LAPSSET uliozinduliwa Machi 2012, wa bandari, barabara na reli. Ni heri. Lakini hizi ni sehemu mbili ambazo kijana wake huulizwa babu yake alizaliwa wapi. Tangazo la Rais halimsaidii kijana huyo iwapo karani wa ofisi bado anadai cheti cha babu aliyezaliwa kabla ya vyeti kufika.

Nionavyo, haitoshi kupeperusha bendera tarehe 12 Desemba. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1963 sasa amevuka sabini. Tuwaulize wazee wetu walizaliwa wapi, wazazi wao walizikwa wapi, na ni nani anayeweza kuwashuhudilia. Tuyaandike, tuyahifadhi pamoja na vyeti vya watoto. Na tukiwasikia watu wa Isiolo wakilalamika kuhusu vipande, tusiseme hayo ni ya huko juu. Waliingia Kenya huru siku moja nasi, na mlango waliopitia ulikuwa mwembamba kama wetu.