Vidukari kwenye mboga na maua ya uani: dawa za nyumbani zinazofaa na zisizofaa

Kila kaskazi inapopamba moto na mvua ikikatika, swali ninaloulizwa zaidi na majirani kuhusu bustani ni moja: "Hivi vidudu vidogo vilivyojaa kwenye kunde vinatoka kwa dawa gani?" Wengine huniletea jani la mbenda lililojikunja, wengine tawi la mdimu lililopakaa weusi kama masizi ya sufuria. Jibu huwa ni lile lile. Hao ni vidukari, wengine huwaita wadudu mafuta au chawa wa mimea, na mara nyingi dawa yao ipo jikoni na uani mwako.

Naandika haya kwa sababu mboga za uani kwetu si pambo. Kunde, mchicha, mnavu na sukuma wiki ndizo kitoweo cha siku ambazo samaki hashikiki kwa bei, na kina mama wengi hupata riziki kwa kuuza mafungu yake mlangoni. Mtu akiona vidukari hupata hofu, akakimbilia dukani kununua sumu kali, akapuliza leo na kuchuma kesho. Sumu zile zina siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna, nazo zimeandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Asiyezihesabu huwalisha watoto wake sumu, au wa mwenzake. Kwa bustani ya uani, sioni haja ya kufika huko.

Watambue kwanza

Kidukari ni mdudu laini, mdogo kama kichwa cha pini, umbo lake kama tone. Hukaa kwa makundi upande wa chini wa jani na kwenye vichipukizi vichanga, akidunga mdomo wake kama sindano na kufyonza maji ya mmea. Rangi hutofautiana. Wa kwenye kunde ni weusi wanaong'aa, na hupenda ncha za matawi, maua na maganda machanga. Wa kwenye sukuma wiki na kabichi ni wa kijivu, wamejipaka ungaunga kama nta. Wa kwenye mabenda, mabiringani, matango na pilipili huwa wa kijani, wa manjano au hata weusi. Kwenye mdimu na mchungwa utawakuta weusi au wa kahawia, wamejaa kwenye majani machanga.

Dalili nyingine ni hizi: majani hujikunja na kudumaa, mmea hunatanata ukiushika, na chungu hupanda na kushuka bila kukoma. Ule unato ni maji matamu yanayotolewa na vidukari. Yakikaa, huota ukungu mweusi juu yake. Ukungu huo hauli jani, lakini hulizibia mwanga.

Kwa nini huongezeka haraka hivyo

Kwenye joto letu, karibu vidukari wote unaowaona ni majike, na hawahitaji dume. Hawatagi mayai bali huzaa watoto hai, tena watoto hao huzaliwa wakiwa tayari wamebeba mimba changa ndani yao. Baada ya juma moja hivi nao wanaanza kuzaa. Mmea ukishasongamana, baadhi huota mbawa na kuhamia kwa jirani. Ndiyo maana nasema: anayekagua bustani yake mara mbili kwa juma hupambana na kumi, na anayekagua mara moja kwa mwezi hupambana na maelfu.

Mvua kubwa za masika huwaangusha wengi. Ukavu na joto huwapa nafasi. Mbolea nayo ina neno lake: samadi mbichi au urea nyingi kwa mpigo hutoa machipukizi laini mno, na hayo ndiyo wayapendayo. Tumia samadi iliyooza vizuri, kidogo kidogo.

Dawa ya kwanza ni mkono na maji

Usicheke. Kwenye mimea michache, hii hushinda dawa nyingi. Kata ncha iliyojaa vidukari, itie kwenye mfuko, uifunge na kuitupa mbali na bustani. Waliobaki waponde kwa vidole au uwasukume kwa maji ya nguvu kutoka kwenye mpira, ukielekeza chini ya majani. Kidukari aliyeanguka mara nyingi mdomo wake huharibika, hawezi kurudi juu. Fanya asubuhi ili majani yapate kukauka mapema, na urudie siku tatu mfululizo.

Maji ya sabuni

Hii ndiyo dawa ninayoitegemea. Chukua kijiko kimoja cha mezani cha sabuni ya maji isiyo kali, au sabuni ya kipande iliyoparwa na kuyeyushwa, utie kwenye lita moja ya maji. Koroga, tia kwenye chupa ya kupulizia, kisha lowesha mdudu mwenyewe. Sabuni huvunja ngozi ya nta inayomhifadhi, akakauka. Ikishakauka kwenye jani, haina nguvu tena. Kwa hiyo ukipuliza juu ya jani na vidukari wako chini, umepoteza sabuni yako.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani hasa. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake ni magumu, mengine yana chumvi. Kila aliyefua kwa maji ya kisima anajua: sabuni haitoi povu, inafanya utando mweupe unaoelea. Sabuni iliyofanya utando haiui kidukari, na chumvi inaunguza majani. Tumia maji ya mvua au ya mfereji. Jaribu kwanza kwenye chupa: tikisa, ukiona povu limesimama, maji yanafaa.

Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, ina vitu vingi vinavyochoma mmea. Usipulize jua likiwa kali. Wakati mzuri ni jioni baada ya alasiri au asubuhi mapema, na saa chache baadaye suuza kwa maji safi. Pulizia tawi moja kwanza, ungoje siku mbili uone kama majani yameungua. Kisha rudia kila baada ya siku nne au tano, mara tatu, kwa sababu wengine hujificha kwenye mikunjo.

Kwa mdimu, asmini na mawaridi unaweza kuongeza vijiko viwili vya chai vya mafuta ya kupikia kwa kila lita ya maji ya sabuni, utikise sana yachanganyike. Mafuta humziba mdudu pumzi. Kwa mboga za majani sitii mafuta.

Mwarobaini

Mti huu tunao karibu kila mtaa, kuanzia Vanga hadi Lamu. Nguvu yake kubwa iko kwenye kokwa kuliko majani. Okota matunda yaliyoiva, toa nyama yake, osha kokwa na uzianike kivulini. Zenye ukungu zitupe. Ukitaka dawa, vunja ganda, twanga kiini kwenye kinu ulichokitenga kwa kazi hiyo, kisha loweka gramu 50 za unga huo kwenye lita moja ya maji usiku kucha. Kwa dumu la lita 20, ni kilo moja. Asubuhi chuja kwa kipande cha leso kuukuu. Kifumbu hakitoshi, matundu yake ni makubwa na chupa itaziba. Tia sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye jani, iweke kivulini, na uipulize jioni ya siku hiyo hiyo.

Jioni ni muhimu kwa sababu jua huvunja nguvu ya mwarobaini. Ukikosa kokwa, ponda kilo moja ya majani mabichi na uyaloweke usiku kucha kwenye lita tano za maji. Ni hafifu zaidi, lakini husaidia.

Usitarajie kuona maiti asubuhi. Mwarobaini humkatisha mdudu hamu ya kula na humzuia mchanga kujivua ngozi na kukua. Matokeo huonekana baada ya siku kadhaa. Rudia kila juma. Mboga huacha uchungu, kwa hivyo mimi husubiri siku tatu kabla ya kuchuma, kisha naosha vizuri. Na maji hayo, pamoja na mafuta ya mwarobaini, yawekwe mbali na watoto. Ni dawa ya mimea, si ya kunyweshana.

Jivu, pilipili na kitunguu thomu

Jivu la kuni lililochekechwa, likinyunyizwa kwenye majani yenye umande, huwasumbua vidukari na kuwakausha. Wazee wetu walilitumia kwenye kunde, nami silikatai. Lakini udongo wa sehemu nyingi za pwani, ule wa mawe ya matumbawe, tayari una asili ya chokaa, na jivu huongeza hali hiyo. Ukilimwaga kila juma kwenye kitalu kimoja, mimea itaanza kuwa ya manjano kwa kukosa madini ya chuma. Nyunyiza kidogo, kwenye jani, si kwenye shina.

Pilipili na kitunguu thomu hufukuza zaidi kuliko kuua. Twanga pilipili kali kumi na kichwa kimoja cha thomu, loweka usiku kucha kwenye lita moja ya maji, chuja, tia sabuni kidogo. Vaa glavu, simama upande upepo unakotoka, na usiguse macho. Ukipuliza mchanganyiko huu siku ya upepo wa kusi, utalia wewe kabla ya mdudu. Naupendekeza kwa mmea ambao umeshasafishwa kwa sabuni, ili wageni wenye mbawa wasitue tena.

Usivijaribu hivi

Maji ya tumbaku yanaua vidukari, ni kweli. Lakini sumu yake hupenya kwenye ngozi ya mtu pia, na tumbaku inaweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya, pilipili na mabiringani. Mafuta ya taa, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe na siki isiyochanganywa na maji vyote huunguza majani. Nimeona mkomamanga mzima ukipukutika kwa sababu ya mafuta ya taa, na vidukari wakarudi kwenye machipukizi mapya.

Chungu na marafiki wa bustani

Chungu huchunga vidukari kama mfugaji na mbuzi wake: huramba yale maji matamu, na kwa malipo huwafukuza maadui zao. Ukiacha chungu, kazi yako haiishi. Funga kitambaa kwenye shina la mdimu, upake grisi juu ya kitambaa, si kwenye gome, na ukate matawi yanayogusa ukuta au mti mwingine. Maji moto nao hufanya hivyo, lakini wasiangamizwe ovyo, kwa sababu kwenye minazi na mikorosho huwinda wadudu waharibifu. Wazuie tu wasipande pale usipowataka.

Kuna na wanaokusaidia bure. Wale wadudu wa mviringo wenye mgongo mwekundu au wa chungwa uliotiwa madoa meusi, pamoja na watoto wao wanaofanana na mamba wadogo, hula vidukari kutwa. Nyigu wadogo sana hutaga ndani ya kidukari. Ukiona kidukari amevimba, amekuwa rangi ya kahawia na hasogei, huyo keshakufa, na ndani yake analelewa nyigu mwingine. Usimpondeponde. Acha dania chache zitoe maua, maana wadudu hawa wanaosaidia huja kunywa utamu wake. Sumu kali huwaua hao kwanza, na ndiyo sababu mara nyingi vidukari hurudi wengi kuliko awali.

Mmea usioponyeka

Vidukari hubeba virusi kutoka mmea hadi mmea. Ukiona kunde au mpapai una majani yenye mabaka ya kijani kibichi na manjano, yaliyosinyaa, na mmea umedumaa hata baada ya wadudu kuisha, hakuna sabuni wala mwarobaini utakaouponya. Ung'oe na uuchome moto upesi. Ni uchungu kung'oa mpapai uliokaribia kuzaa, lakini ukiuacha utaambukiza ya jirani.

Kama una shamba kubwa na dawa hizi hazitoshi, zungumza na afisa wa kilimo wa wadi yako au kituo cha utafiti cha KALRO kilichoko Mtwapa. Ukilazimika kununua sumu, hakikisha imesajiliwa na bodi ya serikali ya kudhibiti dawa za wadudu, PCPB, na imetajwa kwa mmea wako. Hesabu siku zake za kusubiri moja baada ya nyingine.

Kwa bustani ya uani, mpango wangu ni huu: siku ya kwanza kata na suuza kwa maji, jioni ya siku ya pili pulizia sabuni, siku ya sita sabuni tena, siku ya tisa mwarobaini, na chungu wazuiwe tangu mwanzo. Baada ya hapo, kila Jumatatu na Alhamisi pinduapindua majani machache uyaangalie chini. Kazi hiyo haizidi dakika kumi, na mboga utakayochuma utaijua imepitia nini kabla ya kuingia chunguni.