Colony na Protectorate

Waingereza wana maneno mawili ambayo wengi wetu huyafanya kuwa moja, nayo ni Colony na Protectorate. Asili ya yote mawili ni Kilatini. La kwanza latokana na neno la mkulima, maana yake mahali walikopelekwa watu kulima na kukaa. La pili latokana na neno la kufunika, kama mtu amfunikavyo mwenziwe asinyeshewe. Kwa sheria yao, Colony ni nchi ya mfalme wa Uingereza hasa; bali Protectorate ni nchi ya wengine iliyowekwa chini ya ulinzi wake, na wenyeji wake si raia zake.

Nchi iitwayo sasa Kenya iliyaonja yote mawili. Ilitangazwa kuwa Protectorate mwaka 1895. Mwaka 1904 Wamasai walipatana na Serikali kwamba Laikipia itakuwa yao maadamu kabila lao lipo. Mwaka 1911 yakaandikwa mapatano mengine, ya kuwatoa huko! Mwaka 1913 baadhi yao, Ole Njogo na wenzake, walishtaki kortini. Wakajibiwa kwamba nchi yao ni Protectorate tu, kwa hiyo wao ni watu wa nchi ngeni, na mapatano yale ni ya dola na dola; korti haina uwezo wa kuyaamua. Nasi twauliza, ni dola gani hiyo isiyoweza hata kukataa kuhamishwa?

Mwaka 1920 bara ikafanywa Colony. Mtu angedhani kwamba wenyeji, wakiwa sasa raia wa mfalme, watasikilizwa. Lakini mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth alihukumu, katika kesi ya shamba la Wakikuyu, kwamba hata ardhi waliyotengewa wenyeji ni ya mfalme, nao ni wapangaji wake, wakaao kwa hiari yake. Hivyo neno la kwanza liliwafungia mlango wa korti, na la pili likawaondolea shamba.

Pwani haikugeuzwa jina. Ukanda ule wa maili 10 ulikuwa wa Sultani wa Unguja, naye aliukodisha tu. Kwa hiyo ulibaki Protectorate, na bendera yake nyekundu ikapepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa. Sultani aliuachilia kwa mapatano ya Oktoba 1963, na tarehe 12 Desemba mwaka uo huo Kenya ikapata uhuru, bara na pwani pamoja.