Wanaojiandikia Sifa Kwenye Wikipedia

Mwaka 1954, walionunua Ensaiklopidia Kuu ya Kisovieti walitumiwa kurasa mpya pamoja na maelekezo ya namna ya kuzibandika. Lavrenti Beria, bosi wa usalama wa Stalin, alikuwa ameshapigwa risasi Desemba 1953, lakini makala yake ilikuwa ingali katika juzuu ya 5. Msomaji akaambiwa achukue mkasi au wembe, akate kurasa zile, abakize ukingo wa ndani, kisha agundishe nyingine zenye habari za Bahari ya Bering. Mpangilio wa alfabeti haukuharibika. Beria ndiye aliyetoweka.

Jimmy Wales na Larry Sanger walipofungua Wikipedia, Januari 15, 2001, watu wote walikabidhiwa wembe huo. Yeyote angeweza kukata, na mwingine angeweza kurudisha. Tofauti ni kwamba kila mkato ulibaki umeandikwa kwenye historia ya ukurasa: saa ngapi, neno lipi, mkono wa nani. Wengi waliogopa kwamba wajinga wangewazidi wajuzi. Waliosumbua zaidi, kumbe, walikuwa watu wanaoijua mada vizuri mno, kwa sababu mada ilikuwa wao wenyewe.

Wa kwanza kuumbuka hadharani alikuwa Wales. Desemba 2005 mwandishi Rogers Cadenhead alipekua historia ya makala ya Wales na kukuta mwenyewe ameihariri mara 18. Mara saba kati ya hizo aligusa jambo moja tu: kama Sanger atajwe kuwa mwanzilishi mwenza au la. Wales alikiri kwamba watu hawapaswi kujihariri, yeye akiwamo. Katika mwaka huohuo, mwanahabari mstaafu wa Marekani, John Seigenthaler, aligundua kuwa wasifu wake ulikuwa umemhusisha kwa miezi minne na mauaji ya akina Kennedy. Ulikuwa uzushi mtupu, ulioandikwa na mtu asiyejitambulisha. Hapo ndipo utata wa sheria ya kutojihariri unapoonekana. Ukimkataza mtu kugusa ukurasa wake, atajitetea vipi anapochafuliwa?

Januari 2006 ilibainika kuwa wasaidizi wa mbunge Marty Meehan wa Massachusetts walikuwa wamefuta ahadi yake ya kutokaa bungeni zaidi ya vipindi vinne. Alikuwa ameshavipita. Mwaka uliofuata, Agosti 2007, Virgil Griffith, mwanafunzi wa Taasisi ya Teknolojia ya California, alitoa WikiScanner, programu iliyolinganisha anwani za IP za wahariri wasio na akaunti na orodha ya wamiliki wa anwani hizo. Magazeti yalisherehekea. Kompyuta za Diebold, watengenezaji wa mashine za kupigia kura, zilikutwa zimefuta aya 15 zilizoeleza mashaka juu ya mashine hizo. Kompyuta za CIA na Vatikani nazo zilionekana zimepita humo. Hakuna aliyehitaji kuiba nyaraka. Ushahidi ulikuwa hadharani tangu mwanzo, ila hakuna aliyekuwa amejishughulisha kuupanga.

Griffith aliwafundisha wenye maslahi somo ambalo hakulikusudia: fungua akaunti, tumia jina la kubuni. Kazi ikahamia kwa wanaolipwa. Desemba 2011 ilifichuka kwamba wanahabari wa Uingereza waliojifanya mawakala wa serikali ya Uzbekistan walikuwa wamewarekodi wakubwa wa Bell Pottinger, kampuni ya uhusiano wa umma, wakijisifu kwa ujuzi wao wa kusafisha majina ya wateja mtandaoni, na akaunti zilizohusishwa na kampuni hiyo zikafungiwa. Ni Bell Pottinger ileile iliyoanguka mwaka 2017 kwa kashfa ya familia ya Gupta nchini Afrika Kusini. Juni 2014 masharti ya matumizi ya Wikipedia yalibadilishwa: anayelipwa kuhariri lazima aseme nani anamlipa. Mwaka mmoja baadaye akaunti 381 zilifungiwa kwa mpigo. Kundi hilo lilikuwa likiwadai wafanyabiashara wadogo pesa ili makala zao zichapishwe, kisha likiwadai tena ili zilindwe zisifutwe.

Kwa mtu mwaminifu, sheria hizo zaweza kuwa kero. Mwaka 2012 mwandishi Philip Roth alitaka makala kuhusu riwaya yake, The Human Stain, iache kudokeza kwamba mhusika mkuu alitokana na mwandishi Anatole Broyard. Akajibiwa kuwa neno lake peke yake halitoshi, panahitajika chanzo kingine. Roth akaandika barua ndefu ya wazi katika tovuti ya jarida la The New Yorker, akaeleza kuwa aliyemwazia ni rafiki yake Melvin Tumin, profesa wa Princeton. Barua ikawa chanzo. Wengi walicheka, lakini mhariri aliyemkatalia alikuwa na hoja: angejuaje kama anayeandika ni Roth kweli?

Hali mbaya kuliko zote haikuletwa na pesa. Katika Wikipedia ya Kikroatia, kundi dogo la wakabidhi, yaani wahariri wenye mamlaka ya kufungia wengine, wenye mrengo wa kizalendo uliokithiri lilishika usukani kwa takriban miaka kumi, likawafungia waliopinga na kupunguza uzito wa maovu ya kambi ya mateso ya Jasenovac ya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Malalamiko yalirudi kwa wakabidhi walewale, kesi ya nyani hakimu ngedere. Mwaka 2013 waziri wa elimu wa Kroatia aliwashauri wanafunzi wasiitumie. Ripoti ya Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, kuhusu suala hilo ilitoka 2021.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, nayo ina wahariri wachache, na makala moja yaweza kukaa miaka bila jicho la pili. Kwa hiyo ukisoma sifa za mwanasiasa, msanii au kampuni humo, bonyeza historia ya ukurasa kwanza, uone nani ameandika, na kama kuna mwingine yeyote aliyewahi kuugusa.